Nyuki wa Mlima, Nyuki wa Pwani, na Mzinga Mtupu

Kila ninapozungumza na watu wanaotaka kuanza kufuga nyuki, swali moja hujitokeza kabla hata hatujafika kwenye bei ya asali: kwa nini tusilete nyuki wa Ulaya? Wameziona video. Mfugaji kavaa fulana tu, mikono mitupu, anainua masega na nyuki wametulia wala hawana habari naye. Wakiwakumbuka nyuki wa kwetu, ambao wakichokozwa wanaweza kumfukuza mtu hadi barabarani, wanaona jibu liko wazi. Hivi karibuni aliyeniuliza alikuwa na fedha za mradi mkononi, na mwenye fedha akishikilia wazo huwa halibaki kuwa wazo. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Jibu langu ni hapana. Tena naongeza hapana ya pili ambayo watu hawaitarajii: hata nyuki wa Tabora wasipelekwe Kilimanjaro, na wa Kilimanjaro wasipelekwe Bagamoyo.

Nyuki wote wa asali wanaofugwa hapa na Ulaya ni spishi moja, Apis mellifera. Ndani ya spishi hiyo wataalamu wanatambua nususpishi, yaani aina za kieneo ndani ya spishi moja, zaidi ya 25, kila moja imezoea nchi yake. Kwetu anayejulikana zaidi ni scutellata, nyuki wa nyika na miombo, yule wa Tabora, Singida, Dodoma na Kitui. Ukishuka pwani, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, unamkuta litorea, mdogo wa mwili, tumbo lina njano nyingi, anayeishi kwenye joto la minazi na mikoko. Ukipanda Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya au Elgon, ukavuka mita 2,000 na kuingia kwenye msitu wa ukungu, unamkuta monticola: mweusi, mkubwa kidogo, mwenye manyoya marefu, mpole. Litorea na monticola walipewa majina hayo mwaka 1961 na F. G. Smith, aliyekuwa afisa wa ufugaji nyuki Tanganyika. Kaskazini kwenye ukame, Somalia na Sudan hadi Yemen na Oman, kuna jemenitica, anayestahimili joto ambalo nyuki wengine hawaliwezi. Saudi Arabia huagiza makundi mengi ya nyuki kutoka Misri kila mwaka, na wengi wao hawaumalizi msimu wa joto. Jemenitica wa hapo hapo wanaendelea kuishi.

Kwenye ukingo wa msitu wa Kilimanjaro, pale vihamba vya migomba vinapoishia, nilitembelea mzee mmoja ambaye mizinga yake ya magogo imening'inia kwenye mringaringa, hatua chache tu kutoka jikoni kwake. Tabora usingethubutu kufanya hivyo. Kule mizinga hupelekwa porini, na msimu wa kurina watu huenda kukaa makambini. Ilikuwa asubuhi ya baridi na ukungu haujaondoka. Mzee alipuliza moshi kidogo tu, akatoa kifuniko. Nyuki walikuwa weusi, wanatembea taratibu juu ya masega, wachache wakapaa na kurudi. Nikasogeza uso karibu kuliko nilivyowahi kufanya kwenye mzinga wowote. Nyuki akikasirika hutoa harufu inayowaita wenzake, na harufu hiyo kwa pua ya binadamu ni ya ndizi mbivu kabisa. Shambani kwa Mchaga, ndizi zimekuzunguka, unaweza kudanganyika. Lakini mdomoni mwa mzinga ule niliinusa nta na moshi peke yake.

"Mzee, hawa umewatoa wapi?"

"Sijawatoa popote, mwanangu. Wameshuka wenyewe kutoka msituni. Mzinga nilitundika mtupu."

Akaniambia pia kwamba miaka mingine wanaoingia ni wa kutoka chini, na hao anawatambua siku ya kwanza tu kwa hasira zao. Alichokisema ndicho wataalamu walichokipima: ukingo wa msitu ndipo nyuki wa nyika na nyuki wa mlima wanapokutana na kuchanganyika.

Nyuki huyu mweusi amewahi kuwatoa watu mbali. Brother Adam, mtawa wa abasia ya Buckfast nchini Uingereza na mzalishaji wa nyuki aliyejulikana kuliko wote katika karne iliyopita, alifika Kilimanjaro mwaka 1987 kumtafuta, akiwa na umri unaokaribia miaka 90. Mwaka 1989 wafugaji kutoka Sweden walipanda Mlima Elgon upande wa Kenya, wakachukua mbegu za monticola na kuzichanganya na nyuki wao. Leo Ulaya kuna nyuki wanaoitwa Elgon. Wao walikuja kwetu kutafuta upole na afya, nasi tunataka kulipia usafiri wa nyuki wao waje huku. Nikimweleza mtu jambo hili huwa naona uso wake unabadilika, na mimi mwenyewe linaniuma.

Sasa niingie ndani ya vinasaba, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliosoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za nyuki wa misitu ya milimani na wa savana za chini nchini Kenya. Ungetegemea nyuki mweusi mpole wa mlimani na jirani yake mkali wa nyikani watofautiane kila mahali. Sivyo. Karibu jenomu yote wanachangia, maana wamekuwa wakizaliana kwa muda mrefu. Tofauti zao zimejikusanya kwenye vipande viwili, kimoja katika kromosomu ya 7 na kingine katika kromosomu ya 9. Utafiti uliofuata mwaka 2019 ulitoa ushahidi wenye nguvu kwamba vipande hivyo vimegeuzwa: wakati fulani zamani kromosomu ilikatika, kipande kikazunguka, mwisho ukawa mwanzo, kikaunganishwa tena. Kipande kilichogeuzwa hakichanganyiki vizuri na kile kisichogeuzwa wakati mayai yanapotengenezwa, hivyo jeni zilizomo husafiri pamoja kizazi hadi kizazi. Katika kile cha kromosomu ya 7 zimo jeni za vipokezi vya oktopamini, kemikali inayohusika na jinsi nyuki anavyojifunza na anavyotafuta chakula.

Kuna watu wakisoma hayo husema basi monticola si nususpishi ya kweli, ni scutellata tu mwenye vipande viwili tofauti, kwa hiyo tusijisumbue. Mimi nayasoma kinyume kabisa. Vipande hivyo viwili vinadumu mlimani kwa sababu baridi na msitu vinavichagua kila mwaka. Juu kule, kundi lisilo navyo linashindwa. Chini kwenye nyika, kundi lenye navyo halina faida yoyote. Ukifyeka msitu, ukipanda viazi na karoti hadi mita 2,500, hujaua nyuki hata mmoja kwa mkono wako, lakini umeondoa kile kilichokuwa kinawatenganisha. Nyuki wa chini watapanda, watachanganyika, na baada ya vizazi kadhaa vipande vile vitapungua hadi visionekane. Asali itaendelea kupatikana na hakuna atakayetangaza kwamba kuna kitu kimetoweka. Huwezi kumhifadhi nyuki huyu kwa kumfungia kwenye kituo cha utafiti. Unamhifadhi kwa kuuacha msitu wake ubaki baridi.

Uanuwai wa vinasaba haupimwi kati ya mlima na mlima peke yake. Upo hata ndani ya mzinga mmoja, na huo mfugaji anaweza kuuona kwa macho. Malkia kijana hutoka kwa siku chache tu za maisha yake kwenda kupandwa angani, huko hukutana na madume 10 hadi 20 na zaidi kutoka makundi mbalimbali, kisha huhifadhi mbegu zao zote na kuzitumia hadi atakapokufa. Kwa hiyo vibarua, wale majike wanaofanya kazi zote za mzinga, wana mama mmoja na baba wengi. Kuna wanaoanza kupepea mbawa joto likipanda kidogo tu, na wengine hawashtuki mpaka lizidi sana. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kuwa makundi yenye baba wengi hulishika joto la majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega, kwa utulivu kuliko yenye baba mmoja, kwa sababu vibarua hawaitikii wote kwa mkupuo.

Halafu kuna jinsia. Dume huzaliwa kutoka yai lisilorutubishwa, hana baba. Jike hutoka yai lililorutubishwa, lakini kwa sharti: jeni moja, iliyotambuliwa mwaka 2003, lazima iwe ya namna mbili tofauti, moja ya mama na moja ya baba. Zikifanana, anazaliwa dume asiye na kazi, na vibarua humla muda mfupi baada ya yai kuanguliwa. Ukichukua sega la majana kwenye kundi lenye damu mchanganyiko, utaona vifuniko vya rangi ya kaki vimeshikana upana wote wa sega, tundu moja moja tu limeachwa wazi. Ukichukua sega la kundi lililozalishwa ndugu kwa ndugu, utaona matundu kila mahali, vifuniko vitatu, pengo, viwili, pengo. Kila pengo ni kibarua ambaye asingekosekana. Katika hali mbaya kabisa nusu ya majana hupotea hivyo, na kundi haliwezi kukua likawahi msimu wa maua.

Afrika hatujafika huko. Tafiti za jenomu zinaonyesha nyuki wa Afrika wana uanuwai mkubwa kuliko wa Ulaya, na sababu mojawapo ni mwenendo wa watu kama yule mzee wa kihamba. Wafugaji wengi wa kwetu hawanunui nyuki. Unachonga gogo au unabandua gome, unapaka nta ndani, wengine wanasugua mchaichai, unatundika, unasubiri. Kundi la porini linaingia. Ukirina vibaya au ukame ukizidi, linahama na kurudi porini. Hakuna aliyechagua malkia mmoja akamzalisha mara elfu. Makundi mengi ya nyuki wetu bado yako kwenye mapango ya miti, nyufa za miamba na vichuguu, na yanapandana na ya mizinga yetu kwa uhuru. Kwa miaka mingi tumeambiwa ufugaji wa namna hii umepitwa na wakati. Kwa upande wa uvunaji na usafi wa asali, kuna ya kurekebisha na nayakubali. Lakini kwa upande wa vinasaba, mzinga mtupu uliotundikwa mtini ni njia ya uhifadhi ambayo nchi nyingine zinalipa pesa nyingi kuirudisha.

Tazama Ulaya. Nyuki mweusi wa asili wa kaskazini na magharibi mwa bara hilo, Apis mellifera mellifera, alifunikwa na nyuki wa Italia na wa Carniola, eneo la Slovenia, walioletwa na wafugaji waliotaka upole na asali nyingi. Sasa wanamlinda kwa visiwa. Denmark ilipiga marufuku mwaka 1993 kufuga nyuki wengine wowote kwenye kisiwa cha Læsø. Mfugaji mmoja aliyeshtakiwa kwa kukiuka amri hiyo alidai inazuia biashara huru, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na mwaka 1998 mahakama ikasema kumlinda nyuki wa eneo moja ni sehemu ya kulinda bioanuwai, marufuku ikasimama. Scotland nayo ilitunga amri ya mwaka 2013 kuvilinda visiwa vya Colonsay na Oronsay kwa ajili ya nyuki huyo huyo. Kwa nini visiwa? Kwa sababu malkia hupandwa angani na hakuna uzio unaomzuia dume. Bahari ndiyo uzio peke yake unaoaminika. Sisi uzio wetu ni mwinuko wa mlima, na huo hauzuii kitu ukiubebea mizinga kwa lori.

Lori ndilo linalonitisha kuliko ndege inayoleta nyuki wa Ulaya. Afrika Kusini ina nyuki wa Rasi, capensis, ambaye vibarua wake wana uwezo wa pekee: wanaweza kutaga mayai yanayotoa majike bila kupandwa. Kwao kusini wanaishi bila shida. Mwaka 1990 wafugaji walisafirisha makundi ya capensis kwenda kaskazini, katika eneo la scutellata, ndani ya nchi ile ile. Vibarua wa capensis wakaingia kwenye mizinga ya scutellata, wakaanza kutaga, nakala zao zikalishwa na wenyeji, malkia akapotea, kundi likafa, wavamizi wakahamia mzinga mwingine. Makundi ya wafugaji yalikufa kwa maelfu, na kinachoshangaza ni kwamba wavamizi wale wote ni uzao wa kibarua mmoja. Ukoo huo ungali unawasumbua wafugaji wa kule. Hakuna mdudu wa kigeni aliyeletwa kutoka nje. Ni mizinga iliyovushwa kutoka upande mmoja wa nchi kwenda mwingine.

Brazil wanaijua habari ya namna hiyo kwa upande wao. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika, wengi wa Afrika Kusini, na katika safari hiyo alikusanya pia Tabora. Mwaka 1957 makundi 26 yaliponyoka karibu na Rio Claro. Damu yao ilienea Amerika ya Kusini na ya Kati, ikafika Texas mwaka 1990. Brazil hatimaye ilijifunza kuwafuga na leo inazalisha asali nyingi kwa nyuki hao, kwa hiyo siisimulii habari hii kama maafa matupu. Naisimulia kwa sababu inaonyesha uamuzi wa kuhamisha nyuki hauwezi kufutwa. Ukishafungua kisanduku, umefungua.

Kuna sababu nyingine ya kuwashikilia tulio nao. Utitiri wa Varroa, kidudu kidogo kinachowanyonya nyuki, ulioua makundi yasiyohesabika Ulaya na Marekani, uliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Wengi tulijiandaa kwa msiba. Watafiti, akiwemo Elliud Muli wa Kenya, wakazunguka nchini Kenya mwaka 2010 kukagua makundi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha Varroa karibu kila mahali isipokuwa maeneo ya mbali ya kaskazini, lakini makundi hayakuwa yamedhoofika kwa sababu yake. Hakuna aliyekuwa anaweka dawa. Kibarua wa kwetu hukomaa kwa siku 19 au 20, wa Ulaya siku 21, na utitiri unazaliana ndani ya chumba kilichofunikwa, hivyo hata siku moja pungufu inaupunguzia uzao. Tena nyuki wetu huhama na kugawanyika mara kwa mara, wakiacha majana yenye utitiri nyuma. Tabia zile zile tunazozilalamikia, kuhama hovyo na kugawanyika, zina kazi. Utafiti huo ulikuta pia kwamba utitiri uliongezeka kadiri walivyopanda juu, na hilo linanifanya niwaangalie wa milimani kwa wasiwasi zaidi.

Ukali nao una sababu yake. Nyuki wa nyika ameishi na nyegere, siafu, moto wa kila mwaka na binadamu mwenye shoka. Kundi lililokuwa pole liliishia tumboni mwa mtu. Siwaambii watu wavumilie kuumwa. Nawaambia wavae vizuri, warine jioni, watumie moshi wa kutosha na kuiweka mizinga mbali na makazi. Yote hayo ni rahisi kuliko kubadilisha nyuki.

Kwa hiyo wanaogawa mizinga kupitia miradi nawaomba mambo haya. Gaweni mizinga mitupu, muitundike kabla ya maua ya eneo lile kuchanua, muwe na subira. Msikubali mzabuni anayeahidi mizinga "yenye nyuki tayari" kutoka mkoa mwingine, hata kama inamwezesha mfadhili kupiga picha mapema. Mkitaka kuzalisha malkia, chukueni makundi mengi ya hapo hapo, na muache mengine msiyaguse. Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002 inaruhusu Tanzania kutenga hifadhi za nyuki, za taifa, za halmashauri na za vijiji. Vijiji vya miombo vimeshaizoea habari ya manzuki, maeneo yaliyotengwa kuweka mizinga. Vijiji vinavyopakana na misitu ya milimani vinaihitaji kuliko vyote.

Kilimanjaro tangu mwaka 2005 msitu wa akiba umeingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Kwa monticola ni habari njema, maana msitu una ulinzi. Kwa wazee wa vihamba ina uchungu, maana walioweza kutundika mizinga msituni sasa wanaishia mpakani. Naamini yote mawili yanaweza kupatana: ukanda wa miti ya asili nje ya mpaka, mizinga mitupu ya wanakijiji ndani yake, na halmashauri kukataa kibali cha lori lolote linalopandisha nyuki kutoka tambarare. Mikutano ya vijiji ndiyo mahali pa kulianzisha, na mwanakijiji yeyote anaweza kuomba liingizwe kwenye ajenda ya mkutano ujao.